Nani Ameze Kidonge

Katandala, Sumbawanga
14 Februari 1994

Mpendwa Mama Mkubwa Bertha,

Shikamoo. Mimi mwanao Josefina ni mzima, ila baridi ya huku juu inanitafuna. Jana nimelala na koti la kazini juu ya blanketi. Mama anakusalimu. Goti lake limepata nafuu, sasa anakwenda kanisani bila fimbo na anapita njia ndefu ili watu wamwone. Mchele mlionitumia kwa mkono wa dereva umefika wote, jambo ambalo hapa mjini wanalihesabu kuwa muujiza.

Naamini Baba Mkubwa Alois naye alifika salama na mfuko wake wa dawa. Miezi miwili wodini si mchezo. Makohozi yake sasa ni safi, hawezi kumwambukiza mtu, kwa hiyo mrudishie kikombe chake na umwache akae na watu. Ila amalize dawa zote zilizobaki, hata akijiona ana nguvu za kucheza mieleka.

Kilichonikalisha niandike ni hiki. Kabla hajaletwa hospitali, Baba Mkubwa alikohoa ndani ya nyumba ile karibu msimu mzima. Aliyevuta hewa ile anaweza kuwa ameingiwa na mdudu wa kifua kikuu bila kuugua. Mdudu anaingia, analala. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi hulala hivyo hivyo mpaka mtu anazikwa na uzee wake. Kwa mtoto mdogo usingizi wake ni mwepesi, na akiamka anaua upesi. Kwa hiyo sisi kliniki tunataka kila mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekaa na mgonjwa aletwe tumpime. Akionekana mzima, anapewa kidonge kila siku kwa miezi sita, mdudu afe angali usingizini.

Niandikie basi, hapo kuna watoto gani wa umri huo? Na je, kuna mtu anayekohoa zaidi ya wiki tatu? Huyo aje, awe wa umri wowote.

Msalimie Wifi Coleta na wanawe. Kaka Wilibrodi ameandika kutoka Tunduma?

Mwanao,
Josefina


Milepa
9 Machi 1994

Mwanangu Josefina,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu mto ulikata barabara, na ilipofika, katekista hakutaka kuikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo akaisahau mpaka Jumapili tulipofikia wimbo wenyewe. Sisi wazima. Joto la bondeni liko pale pale. Kuku wangu wa madoadoa ameangua, mwewe ameshapunguza. Wilibrodi hajaandika, ila ametuma redio na furushi la mitumba kwa mkono wa mtu. Siku hizi za ruksa kila kijana ni mfanyabiashara na hakuna anayekumbuka kushika kalamu. Mwambie mama yako goti ni la kupigia magoti, si la kutembeza.

Baba yako Mkubwa anakula kama mtu anayefukuzwa.

Habari ya vidonge nimeisoma, nikamsomea na Coleta. Mimi nina swali. Katika nyumba hii kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkubwa. Leo imekuja dawa, tena ya bure, nanyi mnaanza na mtoto anayejikojolea? Mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na Alois. Kama mdudu aliingia kwa mtu, aliingia kwangu. Unaniambia amelala. Sasa mwanangu, nyoka akilala uvunguni kwangu, nimwache kwa kuwa amelala?

Watoto wa hapa ni wawili, wote wa Coleta. Fortunata ndiyo kwanza anaota magego. Zenon ana miaka minne na nusu. Mtu mzima ni mimi. Tuletee vidonge vya watu watatu. Mbali na hao hakuna mtoto mwingine.

Jambo linaloniuma ni huyu jirani Msukuma, Kashinje. Ng'ombe wake wameingia kwenye ulezi wangu, wamekula, kisha wamelala humo humo kama wamepanga chumba. Nimempeleka ofisi ya kijiji. Na ile tabia yake ya kuvuta tumbaku hadharani nimemkemea pia, kama mwenyekiti wa jumuiya, ingawa yeye si wa kanisa letu.

Kuhusu kukohoa: kuku wanakohoa. Nadhani ni kideri.

Mama yako Mkubwa,
Bertha


Katandala, Sumbawanga
27 Machi 1994

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa ulezi, na pole kwa vifaranga. Mama anasema ujumbe wa goti ameupata na atakujibu mwenyewe Pasaka ikipita, kwa kuwa sasa ni Kwaresima na hataki dhambi.

Swali lako la nyoka nililipeleka kwa Daktari Nikodemo, bwana mmoja wa Mbeya anayeongoza kliniki yetu. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka akasema, "Huyo mama ameuliza swali la haki. Mjibu vizuri."

Nakujibu. Kidonge kile nacho kina ukali, kinaweza kuumiza ini, zaidi kwa mtu aliyekwenda umri. Kwa hiyo tunampa yule ambaye nyoka wake yu karibu kuamka. Wako, kwa afya yako ya kufukuza ng'ombe, huenda hataamka kamwe. La pili ni kubwa zaidi. Kama nyoka ameshaamka, kidonge hicho peke yake hakimwui. Kinamjeruhi tu, anakizoea, na siku tukija na dawa zenyewe anatucheka. Ndiyo maana lazima kwanza tujue nani anakohoa. Nauliza habari za watu, Mama Mkubwa. Kuku nawaachia mabwana mifugo.

Kuhusu Zenon, mimi ndiye niliyembeba siku ya ubatizo wake, na nilikuwa bado sijaajiriwa. Lakini waleteni wote wawili, kupimwa hakumdhuru mtu.

Mwanao,
Josefina


Milepa
17 Aprili 1994

Mwanangu Josefina,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, kwaya iliimba, mpiga ngoma alizidisha.

Coleta anakuja huko na watoto, pamoja na Alois anayefuata dawa zake za mwezi. Zenon ana miaka minne na nusu.

Mimi nikinyimwa sitalia. Mnadani amefika kijana anaitwa Tito, ana meza nzima ya dawa kutoka mpakani. Zamani dawa ilikuwa ya serikali, leo hata dawa ni ruksa. Anavyo vidonge vya kifua vya rangi mbili, vinang'aa, vizuri kuliko vile vyenu vyeupe kama chokaa.

Swali lako lile nimelisoma. Mvua zinaelekea kuisha.

Bertha


Katandala, Sumbawanga
3 Mei 1994

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Wageni walifika, wakala, wakalala, wakaondoka na maharage ya Mama. Nadhani Coleta amekusimulia, lakini najua atakuwa ameruka sehemu moja, nami siwezi kuiruka.

Daktari alimwuliza Coleta umri wa Zenon. Wifi akatazama sakafu. "Bibi yake amesema minne na nusu."

Daktari akainama. "Kijana, fungua mdomo. Meno ya mbele yamekwenda wapi?"

"Yameng'oka, nimeyatupa juu ya paa."

"Vizuri. Unajua kuhesabu?"

"Najua mpaka jedwali la saba."

"Kakufundisha nani?"

"Mwalimu wetu wa darasa la pili." Hapo akashtuka, akamgeukia mama yake. "Lakini bibi alisema nikifika huku niwe bado sijaanza shule!"

Foleni nzima iliangua kicheko, wagonjwa kwa waganga. Daktari alimpima hivyo hivyo. Ni mzima, uzito mzuri, hahitaji kidonge. Akianza kukohoa au kukonda, mlete siku hiyo hiyo. Fortunata naye ni mzima, na kwa umri wake ameanza vidonge. Coleta amempa cha kwanza mbele yetu, kimesagwa kwenye uji.

Sasa nisikilize. Nilimwuliza Baba Mkubwa, "Ulipokuwa unakohoa, nani mwingine alikuwa karibu nawe?" Akatabasamu. "Mboje. Alikuwa anashinda mapajani kwangu, ananivuta ndevu. Siku hizi haji, Bertha amempiga marufuku." Coleta naye akakohoa, ila kile kilikuwa kikohozi cha aibu.

Mama Mkubwa, uliniandikia kwamba hakuna mtoto mwingine. Mboje ni nani? Ana umri gani? Naomba aletwe. Na vile vidonge vya rangi mbili usivinunue, nakushika miguu.

Mwanao,
Josefina


Katandala, Sumbawanga
30 Mei 1994

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Magari yanapanda kutoka bondeni kila siku, hakuna barua yako. Mama anasema ukinyamaza hivi ama umekasirika ama unaumwa, na kwamba tangu utoto wenu hukuwahi kukubali lolote kati ya hayo mawili.

Baba Mkubwa alipokuja tena kwa dawa, nilimbana. Amesema Mboje ni binti wa Kashinje, hajafikisha miaka mitatu. Sikuulizi habari ya ulezi. Mtoto huyo alivuta pumzi za mgonjwa mapajani mwake kila siku, zaidi kuliko Zenon, pengine kuliko wewe. Kama unaona vigumu kusema na mama yake, mtume Coleta. Mtume hata katekista. Lakini asikae.

Josefina


Milepa
Jumamosi, 11 Juni 1994

Mwanangu Josefina,

Marahaba zote, za barua zote mbili. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, kisha nikawa nakufa, kisha nikaona aibu. Naanza na kufa.

Nilinunua vile vidonge vya Tito. Leo asubuhi, baada ya kuvimeza siku kadhaa, nimekwenda chooni nikaona mkojo mwekundu. Nikajua ini ndilo hilo ulilolisema, linatoka. Nikarudi nikajilaza kitandani, nikamwambia Coleta aniitie katekista na akina mama wa jumuiya. Wakajaa chumbani. Wale tusiosalimiana ndio waliotangulia. Padri yuko mbali, nikaona nitubu hapo hapo, Mungu atapanga mwenyewe.

Nikasema, "Wenzangu, mimi mwenyekiti wenu navuta kiko. Nyuma ya ghala, kila jioni. Kikohozi mnachokisikia kwenye rozari ndicho hicho."

Mama mmoja wa nyuma akasema kwa upole, "Harufu tulikuwa tunaisikia, mama mwenyekiti." Kumbe wote walijua! Na mimi nimewatoza faini watu wangapi!

Basi ndilo nililokuwa nakuficha. Nilijua nikija kwenu mtanitemesha mate kwenye kikopo, mtaniuliza hiki na kile, nami nitasema nini? Nikaona nimeze kidonge kimya kimya, kama ni kiko, kama ni mdudu, vyote viondoke.

Kisha nikaagiza waitwe Kashinje na mkewe Minza, maana siwezi kusimama mbele ya Mungu na kesi ya ulezi. Wakaja. Kashinje akavua kofia. Minza akamweka mtoto chini ili anishike mkono.

Josefina, sikuwa nimemtazama mtoto yule tangu kesi ianze. Huyu alikuwa anafukuzana na kuku wangu mpaka wanasahau kutaga. Leo alikaa pale alipowekwa. Shingoni ana vivimbe, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Nikamgusa, ni moto.

"Tangu lini?" nikamwuliza Minza.

"Tangu mahindi yanakauka, mama. Jioni anachemka. Uji hataki."

"Mbona hukumleta hapa, Alois ampeleke kwa Josefina?"

Akaangalia pembeni. "Ulisema asikanyage hapa, mama."

Nikafumba macho. Wale akina mama wakadhani roho inatoka, wakaanzisha wimbo wa maziko. Ndipo Alois, aliyekuwa amekaa mlangoni muda wote huo, akauliza, "Bertha, mkojo wenyewe ni wa damu, au kama maji ya machungwa?"

"Kama machungwa."

"Basi inuka. Mimi kule wodini nilikojoa hivyo miezi miwili. Ni dawa inapita."

"Mbona hukusema tangu asubuhi?"

"Ulikuwa unatubu vizuri."

Nimeinuka. Vidonge vya Tito nimevitupa chooni, nimevifuata kwa jivu. Barua hii inatangulia na gari la mchele kesho. Jumatatu Kashinje anafunga maksai kwenye mkokoteni, anatupeleka mpaka barabarani: mimi, Minza na Mboje. Mwambie daktari wako aandae kikopo. Nitatema.

Bertha


Katandala, Sumbawanga
4 Julai 1994

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba mlima haukukusumbua kama ulivyomsumbua dereva, aliyeniambia ulimwelekeza kila kona.

Majibu yametoka. Makohozi yako ni safi mara zote, hakuna mdudu. Daktari Nikodemo anasema kifua chako ni cha moshi, na dawa yake unayo mwenyewe. Amesema pia ni bahati kwamba vile vidonge hukuvimeza muda mrefu, kwa kuwa kama ungekuja na ugonjwa kweli, angeanza vita na panga butu.

Mboje anacho kifua kikuu, cha tezi na cha mapafu. Kidonge kile cha watoto wazima hakimfai tena, mdudu wake ameshaamka, kwa hiyo ameanza dawa kamili. Usiku wa kwanza wodini nilimwogopea. Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikuwa na la kukuandikia. Sasa homa imeshuka. Yeye na Minza wanakaa kwangu, kila asubuhi tunakwenda pamoja kliniki. Minza amevaa masweta yangu yote na bado anauliza watu wa Ufipa walimkosea nini Mungu mpaka akawapa upepo huu. Juzi Mboje alidai ugali. Alipopewa, akadai na samaki. Mama alilia, kisha akasema ni moshi wa jiko.

Kuna jambo moja. Minza anasema kiangazi kikikolea nyasi za bondeni huisha, na Kashinje huhama na ng'ombe kuelekea Mpanda. Dawa za mtoto ni za miezi minane. Akikatisha njiani, huko porini nani atampa? Siwezi kumzuia mtu mwenye mifugo yake. Wewe ndiye uliye karibu naye. Sijui la kukushauri.

Mwanao,
Josefina


Milepa
12 Machi 1995

Mwanangu Josefina,

Marahaba. Najua nimekaa muda mrefu bila barua ya maana, nakutumia salamu na mchele tu. Kazi zilikuwa nyingi. Mwambie mama yako nimesikia ameanguka akicheza ngoma ya harusi na goti limerudi lilikotoka. Nampa pole, na sisemi zaidi.

Alois alimaliza dawa zake, unajua. Fortunata naye vidonge vyake alivimaliza bila kuruka. Wakati fulani akina mama walianza kunijia wakitaka vya kwao, wamesikia Bertha ana mtoto wake hospitali. Nikawa nawauliza: una miaka mingapi? Umekaa na mgonjwa? Unakohoa? Basi nenda kalime. Wakanuna. Mmoja aliniuliza habari za nyoka, nikamjibu kama ulivyonijibu, akasema hayo si majibu. Wawili waliokuwa wanakohoa niliwapandisha gari nikiwa nimewashika mikono, na mmoja mlimkuta na kifua kikuu kweli.

Kashinje alikuja kuaga mwezi wa nane. Mbuga imekauka, ng'ombe wamekonda, anaondoka na familia. Minza alikuwa ndiyo kwanza amerudi na mtoto na dawa zake. Nikamwambia, "Unakwenda na huyu mtoto wapi?" Akasema, "Mama, ng'ombe hawali maneno." Ni kweli, hawali. Nikatazama shamba langu, mabua yamesimama. Nikamwambia aingize ng'ombe humo. Alinitazama kama mtu aliyetegewa. Ilibidi Alois aende kuwafungulia yeye mwenyewe. Mabua yalipokwisha nikapita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, kuomba mabua yao. Josefina, kuomba mabua kwa ajili ya ng'ombe wa Kashinje, mimi! Watu walikuja kwenye milango kunitazama tu. Tukafika mvua za kwanza hivyo, tukavuka.

Mboje alikuwa anakunywa dawa zake hapa kila asubuhi, mbele yangu, ili nione kooni hakuna kitu. Amenenepa, ni mzito, hafai kubebwa, na anabebwa. Kuku wameacha tena kutaga.

Mwezi uliopita alimaliza. Daktari Nikodemo alimpima akasema aende anakotaka.

Kiko nimekiacha karibu chote.

Jana akina Kashinje wameondoka. Walikuwa wanasubiri mtoto amalize dawa tu. Kashinje alitangulia na ng'ombe alfajiri, Minza na mtoto wakafuata kwenye mkokoteni. Minza alinipigia magoti, nikamwambia ainuke, barabara ina tope. Mboje hakuaga, alikuwa anapigana na Zenon juu ya muwa. Alipokumbuka kugeuka walikuwa wameshafika kwenye kona.

Baba yako Mkubwa anasema hana huzuni yoyote. Lakini tangu asubuhi amekaa uani ameelekea barabara, chai imepoa. Mimi sina nafasi ya kukaa hivyo, nina kazi. Nimeleta kigoda changu hapo karibu naye kwa sababu ya kivuli.

Mama yako Mkubwa,
Bertha